SOMO LA AFYA: CHEMBE ZA CHOKAA KATIKA TITI



Akina mama wa Umoja hapa Busale wametuomba tueleze katika jarida letu jambo ambalo limewasumbua tangu mwenzao mmoja aliporudi kutoka Dar es Salaam. Mama huyo alikwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, na huko akashauriwa apigwe picha ya matiti, kwa kuwa ndugu yake wa tumbo moja alifariki kwa saratani ya titi. Karatasi ya majibu ilisema kwamba titi la kushoto lina chembe za chokaa, naye arudi kupigwa picha tena baada ya miezi sita. Ilisema hivyo tu. Lakini habari ilipofika huku ilikuwa imenenepa njiani. Wengine walisema titi lake limegeuka jiwe, wengine kwamba amekwisha, na hakukosekana aliyenong'ona kuwa hiyo si kazi ya hospitali, yupo mtu aliyemtupia kitu. Mama mwenyewe alianza kugawa vitenge vyake.

Kwa idhini yake tumeisoma karatasi hiyo, na kwa idhini yake tunaandika. Hatutamtaja jina, ingawa tunajua kwamba Busale haina siri.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi titi lilivyojengwa. Ndani ya titi mna mafuta, nyama za kushikilia, na mafungu kama 15 hadi 20 ya tezi zinazotengeneza maziwa. Kila fungu lina vijiferejii vyake, ambavyo huungana na kuwa mrija mmoja unaoelekea kwenye chuchu. Sisi watu wa Kyela hatuhitaji picha ya kitabuni ili kulielewa jambo hili. Tutazame mito yetu: vijito hushuka kutoka milimani, huungana, na mwisho huwa Mbaka au Kiwira au Lufilyo, na kila mto huingia ziwani kwa mlango wake. Chuchu ndiyo ziwa, mirija ndiyo mito, na kila mto una bonde lake. Mfano huu tuushike vizuri, maana tutauhitaji mbele.

Sasa chokaa. Damu yetu sote ina madini ya chokaa, nayo ndiyo yanayojenga mifupa na meno na kuiwezesha misuli kufanya kazi. Mahali popote mwilini penye jeraha la zamani, au chembe hai zilizokufa, au maji yaliyotuama, madini hayo huweza kuganda kidogo kidogo, kama yale magamba meupe yanayoshika ndani ya birika la chai. Waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona, mara nyingi picha ya mapafu yao huonyesha vidoa vyeupe vya chokaa mahali palipopona. Hakuna anayeshangaa. Na titi ni vivyo hivyo. Karibu nusu ya wanawake waliopita umri wa miaka 50 wakipigwa picha hukutwa na chembe kubwa za chokaa katika matiti, nazo hazina madhara. Wengi wameishi nazo hadi uzee, wakazikwa nazo, wala hawakujua kwamba wanazo, kwa sababu haziumi, na mkono hauwezi kuzihisi.

Picha yenyewe huitwa mamogramu. Ni eksirei kama ile ya mkono uliovunjika, ila mashine yake ni ya matiti tu. Titi huwekwa juu ya kibao, kibao kingine hushuka na kulibana kwa sekunde chache, picha ikapigwa, kwa kawaida mara mbili kwa kila titi: moja kutoka juu na moja kwa mshazari. Kubana huko kunauma kidogo lakini kuna sababu. Titi likiwa nene, vivuli hulaliana, na cha chini kikajificha. Mionzi inayotumika ni kidogo sana. Katika picha hiyo mafuta huonekana ya kijivu, nyama na tezi nyeupe kwa mbali, na chokaa nyeupe pe, kama vumbi la chaki kwenye ubao.

Tungependa wasomaji wajue habari ya mtu aliyeziona chembe hizi kwanza, maana vitabu vingi humpita haraka. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani. Miaka 18 baadaye, yaani 1913, daktari mpasuaji wa Berlin aitwaye Albert Salomon alichapisha kazi yake. Alikuwa amechukua matiti kama 3,000 yaliyokatwa kwa upasuaji, akayapiga picha, kisha akalinganisha kila picha na nyama yenyewe. Ndipo alipoona kwamba baadhi ya saratani zina vidoa vidogo vidogo. Kazi yake hakuiendeleza kwa wagonjwa walio hai. Baadaye, utawala wa Hitler ulipoanza mwaka 1933, alifukuzwa chuo kikuu kwa sababu alikuwa Myahudi, na mwisho akakimbilia Uholanzi. Yeye alipona vita. Binti yake, Charlotte, mchoraji, aliuawa Auschwitz mwaka 1943.

Ilikuwa karibu miaka 40 baada ya kazi ile ya Salomon ndipo Raul Leborgne, daktari wa Uruguay, Amerika ya Kusini, alipoeleza wazi kwamba chembe zilizo ndogo mno, zilizokusanyika mahali pamoja kama punje za chumvi laini, zaweza kuwa ishara ya saratani ambayo hata mkono wa daktari haujaigundua. Hapo watu wakaanza kuitafuta saratani kabla haijawa uvimbe. Basi tunaona kwamba chokaa si saratani. Chokaa ni kama moshi: mara nyingi ni moshi wa jiko la jirani anayepika ugali, na mara chache ni wa nyumba inayoungua. Kazi ya daktari ni kuutambua moshi.

Anautambuaje? Hutazama ukubwa, umbo, na mpangilio.

Kwa ukubwa, chembe hugawanywa makundi mawili. Zipo kubwa, zinazozidi nusu milimita, na hizo karibu zote hazina neno. Zipo ndogo mno, ambazo daktari huzitazama kwa kioo cha kukuza. Hizi ndogo nazo nyingi hazina neno, lakini hapana budi zichunguzwe zaidi.

Umbo ndilo lenye mengi. Uvimbe usio wa saratani ambao wasichana huupata, ukizeeka, hujaa chokaa na kuonekana kama bisi za mahindi. Mahali palipopata pigo au palipopasuliwa zamani, mafuta yaliyokufa huzungukwa na chokaa nyembamba kama ganda la yai. Mishipa ya damu ikiwa na chokaa huonekana mistari miwili sambamba, kama reli ya TAZARA iliyotazamwa kutoka mlimani. Hiyo ya mishipa haihusiani na saratani, ila mwenye nayo amwambie daktari, kwa sababu yaweza kwenda pamoja na maradhi ya moyo, hasa kwa mwenye kisukari. Zipo pia chembe zinazoelea ndani ya vifuko vya maji. Mama akipigwa picha akiwa amesimama, hutuama chini kama majani ya chai katika kikombe, na hapo daktari hujua mara moja kwamba ni salama. Zinazotia shaka ni zile zisizofanana: moja ina pembe, nyingine imechongoka, kama vipande vya chupa iliyopondwa. Na zinazotia shaka kuliko zote ni zile nyembamba kama nyuzi, zinazofuatana na kuchipua matawi.

Kuhusu mpangilio, turudi kwenye mito yetu. Mvua ya mawe ikinyesha wilaya nzima, mawe huanguka kila mahali, mabonde yote sawasawa. Chembe zilizotawanyika hivyo katika matiti yote mawili kwa kawaida hazina hatari. Lakini tukikuta mawe yamejipanga ndani ya mto mmoja tu na vijito vyake, na mito mingine ni safi, yatupasa kuuliza kuna nini katika mto huo. Vivyo hivyo chembe zikijipanga katika mrija mmoja, au zikijaza bonde la fungu moja, au zikijikusanya nyingi mahali padogo, daktari hatakubali zipite bila kuulizwa. Akina mama wanaopepeta mchele wataelewa. Vijiwe vilivyotapakaa kwenye ungo havitusemeshi sana, lakini vikikutwa vyote pembe moja ya gunia, twajua gunia lilitobolewa hapo.

Baada ya kutazama hayo, daktari wa mionzi huandika daraja. Hospitali nyingi duniani hutumia jedwali la Wamarekani liitwalo BI-RADS, lililotolewa mara ya kwanza miaka ya mwanzo ya 1990. Daraja 0 si sifuri ya mtihani. Maana yake picha haijatosha, aje apigwe nyingine. Watu wengi wameogopa bure kwa sababu ya sifuri hiyo. Daraja 1 na 2 ni salama. Daraja 3 maana yake yaelekea sana kuwa salama: katika wanawake 100 wenye daraja hilo, watakaokutwa na saratani hawazidi 2. Kwa hiyo hawachomwi sindano, bali hupigwa picha tena baada ya miezi sita, kisha kwa vipindi vingine hadi ipite miaka miwili au mitatu. Chembe zisipobadilika, huhesabiwa kuwa salama. Daraja 4 ni shaka, nayo ni pana mno, kutoka shaka ndogo hadi kubwa. Hapo lazima kinyama kichukuliwe. Daraja 5 ni shaka kubwa sana, na daraja 6 ni la yule ambaye saratani imekwisha thibitishwa.

Karatasi ya mama yetu imeandikwa daraja 3. Basi wale waliomzika wamemzika mapema mno. Lakini tumeanza kusikia upande wa pili, wasemao kwamba kama ni 2 katika 100, nauli ya kurudi Dar es Salaam ya nini, safari ya zaidi ya kilomita 900, tena wakati wa kuvuna mpunga. Hapo hatukubali hata kidogo. Daraja hilo lina maana tu kama mtu anarudi. Aliyeambiwa miezi sita akakaa miaka mitatu hakupewa daraja 3. Amejipa mwenyewe daraja ambalo halimo katika jedwali. Kwa habari ya mpunga wake, akina mama wa Umoja wamekwisha sema watauvuna wao.

Sasa tuseme juu ya ile sindano, kwa maana hofu kubwa iko hapo. Chembe hizi haziguswi kwa mkono, na mara nyingi hata mashine ya mawimbi ya sauti, ile itumikayo kwa wajawazito, haizioni vizuri. Kwa hiyo daktari huiongoza sindano kwa kutumia picha za mamogramu yenyewe. Titi hutiwa ganzi, vinyama vidogo huchukuliwa, kisha vinyama hivyo navyo hupigwa picha papo hapo, kuhakikisha kwamba chokaa imo ndani yake. Kisha hupelekwa maabara. Hata miongoni mwa wanaochomwa sindano kwa ajili ya chembe za chokaa, walio wengi hukutwa hawana saratani.

Na wale wanaokutwa nayo? Mara nyingi ni ile ya mwanzo kabisa, ambayo bado imo ndani ya mrija. Chembe hai mbaya zimezaliana ndani ya mrija hadi zile za katikati zikakosa chakula, zikafa, na chokaa ikaganda juu ya mizoga yao. Ndiyo sababu chokaa hiyo hufuata umbo la mrija na kuchipua matawi. Mto bado haujavunja kingo. Mgonjwa wa namna hii hutibiwa kwa kuondolewa sehemu hiyo, pengine na kuongezewa mionzi, na pengine titi zima likiwa limeenea mabonde mengi. Nao walio wengi sana hupona. Ikiachwa, si zote zitakazovunja kingo, lakini hakuna awezaye kusema kwa hakika ni ipi itavunja na ipi haitavunja.

Hatuna budi kusema jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko chokaa yenyewe. Katika nchi yetu saratani ya titi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Na uchunguzi wa huduma za matiti Tanzania uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa 8 katika kila 10 hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Hao hawakuhitaji mamogramu ili kujua. Walikuwa na uvimbe ambao waliugusa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zenye uwezo mdogo zisianze na mashine za kupiga picha kila mwanamke, bali zianze na kuwafundisha watu dalili na kuwapima kwa mikono ya wauguzi na madaktari. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilipoanza kampeni yake Dar es Salaam mwaka 2005, kilitumia njia hiyo hiyo ya mikono.

Basi mwanamke wa Busale asiseme, "Sina nauli ya mamogramu, hivyo sina la kufanya." Uvimbe mpya katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyovutwa ndani ghafula, damu kutoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona: lolote kati ya hayo limpeleke zahanati juma hilo hilo, akaandikiwe kwenda hospitali ya wilaya Kyela, na ikibidi Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Huko ndiko ataambiwa kama picha inahitajika na itapigwa wapi. Kwa matibabu ya saratani wengi wamepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo majengo yake ya kwanza ni hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897. Na kama ana uvimbe anaousikia, na mamogramu ikasema ni safi, asirudi nyumbani akiimba. Uvimbe unaosikika huchunguzwa hata kama picha haikuuona, kwani matiti ya wenye umri mdogo ni meupe pichani, na cheupe juu ya cheupe hakionekani.

Anayekwenda kupigwa picha asipake poda, mafuta wala manukato ya kwapani siku hiyo, maana baadhi ya vitu hivyo huonekana pichani kama chembe za chokaa. Kama bado anapata siku zake, achague juma linalofuata baada ya hedhi, titi likiwa halina maumivu. Na picha zake za zamani azitunze kama hati ya shamba, achukue zote kila aendapo. Daktari mwenye picha ya zamani na mpya hujua katika dakika chache jambo ambalo asiye nayo atalisubiri miezi.

Tumalizie na maswali tuliyoletewa.

Je, chokaa hii inatokana na kula usipa na mifupa yake? La. Usipa, dagaa, maziwa na mboga za majani hujenga mifupa, wala havipeleki chokaa titini. Waliokwisha acha usipa waurudie. Na aliyeandikiwa vidonge vya madini ya chokaa na daktari asiviache.

Je, kuweka fedha au simu ndani ya sidiria kunaleta chembe hizi? Hapana ushahidi wa jambo hilo. Ila zitolewe kabla ya picha!

Je, ni kweli kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa? Swali hili limeletwa na watu wanne, na tunajua linatoka wapi. Sote tumeona mtu aliyechomwa sindano au kupasuliwa, na baada ya miezi michache akafariki. Lakini tujiulize alikwenda hospitalini lini. Kwa kawaida alikwenda akiwa amemaliza waganga, amemaliza mizizi, na wapo waliokwenda hata Samunge, Loliondo, mwaka ule wa 2011 kunywa kikombe. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa kabla ya chuma kufika, nacho kikasingiziwa. Sindano ya kuchukua kinyama haiienezi saratani mwilini, wala kubanwa na mashine hakuienezi.

Je, mwenye chembe za chokaa zilizo salama aweza kunyonyesha? Aweza, na anyonyeshe. Tena kunyonyesha hupunguza kiasi fulani hatari ya saratani ya titi.

Na mzee mmoja wa kanisa aliuliza, kwa sauti ya chini, kama wanaume nao hupata saratani ya titi. Ndiyo, ingawa ni mmoja hivi katika kila wagonjwa 100. Mwanamume mwenye uvimbe nyuma ya chuchu aende zahanati ile ile, apange foleni ile ile na akina mama.